Wimbo ambao hakuna mkono unaoupiga

Hotuba kwa vijana wa bendi, Kampala

Bassebo ne bannyabo, wazee wetu mlioketi mbele, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimekwisha, asanteni sana kwa kuja. Nimeombwa niseme kwa Kiswahili, nami nimelipokea ombi hilo kwa furaha. Nikitazama ukumbi huu namwona mpiga besi wa Bukavu, mpiga dramu wa Arua, mwimbaji wa Mbale, na mabinti wa Busia. Katika mazoezi ya bendi zetu hapa mjini, lugha tunayogombana nayo na kupatana nayo ni hii. Mkongo akitaka Mganda arudie kiitikio, humwambia kwa Kiswahili. Basi na tuseme nayo leo pia.

Mnaona mbele yangu kuna amadinda, marimba ya Kiganda: mashina mawili ya mgomba, na juu yake vibao 12. Wapigaji watatu wameketi pale ukutani, tutawaita baadaye. Nimeomba iletwe kwa sababu mada niliyopewa ni bendi ya London iitwayo Stereolab, muziki wake ulivyogeuka na watu wake walivyokuwa wakiingia na kutoka. Ni bendi ya pop, lakini pop ya kujaribujaribu, ya watu wasiotaka kurudia walichokifanya mwaka jana. Nami sijapata njia nzuri zaidi ya kumweleza mtu wa hapa bendi ile kuliko kuanzia kwenye vibao hivi.

Mganda yeyote mwenye babu aliyepiga amadinda analijua jambo hili, ila wengine mnivumilie. Mpigaji wa kwanza anaanza na sehemu yake, okunaga. Anapiga kwa mwendo ulio sawa, hakimbii wala hasiti. Wa pili ameketi upande wa pili, anaingiza okwawula, na kila pigo lake linaangukia katika pengo kati ya mapigo mawili ya mwenzake. Kila mmoja kwake ana wimbo mwepesi, ambao hata mtoto angeushika. Lakini wanapokwenda pamoja, wewe uliyesimama pembeni husikii wimbo wa huyu wala wa yule. Unasikia nyimbo nyingine zinazochomoza katikati, moja juu, moja chini, na hakuna mkono hata mmoja unaozipiga. Kisha yupo wa tatu, omukoonezi. Huyu ana vibao viwili tu vya juu kabisa. Kazi yake ni kusikiliza kilichozaliwa kati ya wale wawili, kuziokota sauti mbili za chini ndani yake, na kuzirudisha juu ili kila mtu azisikie.

Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, alikuja Kampala mwishoni mwa 1959 akajifunza kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, aliyepiga pia katika Makumbusho ya Uganda. Kubik alikuja kuandika sana juu ya nyimbo hizo zinazosikika bila kupigwa. Muyinda alikuwa akizijua tangu zamani. Haikumpasa kuziandika, kwa kuwa aliishi ndani yake.

Shikeni picha hiyo, nami niwapeleke London.

Mwaka 1990 palikuwa na kijana mpiga gitaa, Tim Gane. Bendi yake ya awali, McCarthy, ilikuwa imevunjika. Alikuwa na mpenzi Mfaransa, Lætitia Sadier, waliyekutana Paris kwenye onyesho la McCarthy, naye akahamia London. Wakaanzisha bendi. Jina walilichukua kwenye tawi la kampuni ya santuri ya Marekani, Vanguard, lililokuwa likitoa santuri za kuonyesha uwezo wa vyombo vya muziki vya nyumbani. Wakaanzisha na lebo yao wenyewe, Duophonic, wakauza santuri za kwanza kwa posta. Hili la lebo napenda mlitie akilini. Watu waliokuwa wakiingia na kutoka hawakuweza kuizamisha bendi, kwa sababu nyumba ilikuwa yao, hawakuwa wapangaji.

Muziki wao wa mwanzo ulikuwa wa namna hii. Kinanda cha zamani aina ya Farfisa kinashika kodi moja, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na hakiachii. Gitaa linakwaruza kodi ileile. Dramu inakwenda moja kwa moja kama basi la usiku la Gulu likishapita Luweero, mwendo walioupenda kutoka kwa bendi ya Ujerumani, Neu!. Juu ya mngurumo huo Sadier anaimba kwa utulivu, mara Kifaransa, mara Kiingereza, maneno juu ya mali, vita na dola. Katika albamu yao ya 1993 upo wimbo unaozidi dakika 18. Mwanamuziki aliyefundishwa kwamba wimbo lazima upande, ushuke, ugeuke, atauliza: mbona hawabadilishi kodi? Mimi niliposikia mara ya kwanza, kutoka kwenye CD iliyochomwa ambayo mwalimu mmoja mgeni aliniachia alipokuwa anarudi kwao, sikuuliza hivyo. Nilisikia amadinda. Nilisikia kitu kinachozunguka mpaka masikio yako yaanze kufanya kazi yenyewe.

Watu wa mwanzo hawakukaa. Mpiga besi Martin Kean alitoka New Zealand, Joe Dilworth alikuwa kwenye dramu, Gina Morris akisaidia kuimba. Ndani ya muda mfupi wote watatu walikuwa wameondoka. Kufikia 1992 akawa ameingia Andy Ramsay kwenye dramu, ambaye yuko nao hadi leo, na akaingia Mary Hansen, mwanamke kutoka Queensland, Australia, akiimba na kupiga gitaa.

Hapa ndipo nataka tukae.

Kabla ya Hansen, Stereolab ilikuwa na mwimbaji na waitikiaji. Baada yake, ikawa na waimbaji wawili, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Nyote mnajua kuitikia kwa kawaida kunavyokwenda: anayeongoza anasema mstari, wa nyuma wanarudia, au wanajaza "aah" kwenye kiitikio. Hansen hakufanya hivyo. Sadier akishika mstari mrefu ulionyooka, Hansen alikatiza kwa silabi fupifupi, "pa-pa", "la-la", katika mapengo. Pengine Sadier yuko kwenye Kifaransa, na Hansen anaimba wimbo mwingine kabisa juu yake, wenye maneno mengine. Pengine wanabadilishana silabi moja moja, huyu moja, yule moja, hadi usijue ni kinywa kipi kinachoimba. Chukueni albamu ya 1994, Mars Audiac Quintet, au ya 1996, Emperor Tomato Ketchup, msikilize sauti hizo mbili peke yake, msahau vinanda. Ni okunaga na okwawula. Wimbo unaobaki kichwani ukishazima redio haukuimbwa na Sadier wala Hansen. Uko kati yao.

Na kwa kuwa uti wa mgongo ulikuwa imara pale katikati, muziki uliozunguka ukapata uhuru wa kwenda popote. Wakaenda Chicago kufanya kazi na John McEntire wa bendi ya Tortoise, wakaanza kujenga nyimbo kwa vipande vinavyorudiwa badala ya gitaa linalokwaruza. Albamu ya 1997, Dots and Loops, ilirekodiwa sehemu Chicago na sehemu Düsseldorf pamoja na Mouse on Mars, na mle ndani utasikia jazi, utasikia upepo wa Brazil, utasikia kompyuta ikikata dramu vipandevipande. Mpenzi wa ile kelele ya 1992 angeweza kudhani amepewa CD ya watu wengine. Sean O'Hagan alikuwa akiwaandikia sehemu za fidla na tarumbeta. Wapiga vinanda wakabadilika, wapiga besi wakabadilika. Lakini zile sauti mbili zikianza tu, unajua uko nyumbani kwa nani.

Tarehe 9 Desemba 2002 Mary Hansen aligongwa na lori akiwa kwenye baiskeli, London. Alikuwa na miaka 36.

Naomba nisiliharakishe hili. Ninyi mnaotoka kwenye onyesho saa tisa usiku juu ya boda boda, gitaa mgongoni, mnajua ninasema nini. Sote tumezika mtu wa bendi.

Bendi ile ilikuwa na njia iliyo wazi mbele yake. Mwanamke mwenye sauti nyembamba nzuri hakosekani London. Angepatikana, akapewa kanda zote, akajifunza kila "pa-pa" na kila "la-la" kama zilivyo, na watu kwenye maonyesho wangepiga makofi. Hawakufanya hivyo. Albamu iliyofuata ilitoka mwaka 2004, Margerine Eclipse, na Sadier akaimba mwenyewe, na wimbo mmoja ndani yake ukawa wa kumkumbuka Hansen. Katika miaka hiyohiyo mapenzi ya Sadier na Gane nayo yalifika mwisho, na bado waliendelea kuingia studio pamoja.

Kuna jambo la ufundi katika albamu hiyo ambalo sijaacha kulifikiria. Walirekodi kila ala na kila sauti ama kushoto kabisa, ama kulia kabisa. Wenye studio hapa mnajua kawaida ni nini: sauti ya mwimbaji inawekwa katikati, besi katikati, dramu kubwa katikati. Wao katikati wakapaacha wazi. Ukiisikiliza kwenye teksi mkigawana hedfoni, wewe sikio moja na rafiki yako sikio moja, kila mmoja atapata nusu ya muziki na mtashuka Wandegeya mkibishana. Wimbo mzima unakutana ndani ya kichwa cha msikilizaji peke yake. Sisemi kwamba walipanga iwe ishara ya msiba. Ninachosema ni ninavyoisikia mimi: kiti cha katikati kimeachwa, na muziki umepangwa upya kukizunguka.

Sasa niwaeleze tulichofanya sisi, kwa sababu sisi tulifanya kinyume.

Bendi yetu ilikuwa ya watu sita, tukipiga kila Ijumaa kwenye baa moja upande wa Kabalagala. Tulikuwa na waimbaji wawili, na yule wa pili, dada mmoja mwenye sauti ya juu iliyokuwa ikipenya hata kelele za glasi, akapata safari ya kyeyo, yaani kwenda kufanya kazi ughaibuni. Hakuna aliyemlaumu. Alikuwa na watoto wawili wa kusomesha, na fedha ya Ijumaa haikutosha hata karo ya mmoja. Tulimsindikiza Entebbe tukiimba. Jumatatu tukaanza kutafuta mwingine kama yeye.

Tukampata binti kutoka upande wa Busia. Nilimpa mimi mwenyewe rekodi zetu kwenye simu, nikamwambia: jifunze hivi hivi, usiongeze, usipunguze. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kifuani. Tukampandisha. Kila mazoezi alikuja na chupa ya maji ya moto yenye tangawizi, na kila Jumamosi asubuhi alikuwa hawezi kusema. Miezi minane aliimba sauti ya mtu aliyekuwa Dubai.

Siku moja tulikuwa kwenye kwanjula, sherehe ya binti kumtambulisha mchumba wake kwa wazazi, mbali kidogo na Mukono, umeme ukakatika na jenereta ikagoma. Wageni wameketi, bwana harusi amesimama, kimya. Yule binti akaanza kuimba bila mikrofoni, pale chini sauti yake ilipokuwa inakaa, wimbo wa kubembeleza mtoto kwa Kisamia. Mpiga dramu wetu akageuza kreti ya soda, akaanza kupiga kwa viganja, taratibu. Mimi nikashika kibodi isiyo na umeme, vidole vikienda bure, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kusikia kodi ambazo sikuwahi kuzipiga na bendi ile. Akina mama watatu wakaanza kulia. Muziki ule ulikuwa wetu, na hatukuwahi kuwa nao kabla.

Umeme ukarudi. Tukawasha spika, tukarudi kwenye nyimbo zetu, naye akarudi juu kule kulikomuumiza koo. Ijumaa iliyofuata hali ikawa ileile. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Jamani, mlisikia kilichotokea juzi?" Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi, na mimi ndiye niliyepaswa kusema. Mwezi wa kwanza akaaga, kwa adabu, akasema anarudi nyumbani kusaidia dukani. Bendi haikumaliza mwaka. Kwa miaka mingi nilidhani iliuawa na yule aliyekwenda kyeyo.

Ndiyo maana nikiwasikia vijana mkisema, "Tunatafuta mtu anayeimba kama fulani," moyo unanishtuka. Fulani hakuwa na ile sauti mnayoitafuta. Ilikuwa kati yake na ninyi. Akiondoka, imeondoka, na hata ninyi mliobaki sehemu yenu haiko tena, kwa maana pengo mlilokuwa mkiliangukia limehama. Nendeni mkamsikilize huyu mpya kwanza. Anaimba wapi anapokuwa hana hofu? Mwendo wake ni upi? Halafu mwanzie hapo, hata kama itawapasa kuziacha nyimbo nne ambazo watu wanazidai.

Mzee mmoja pale mbele ananitikisia kichwa, nadhani anataka kuniuliza: na jina la bendi je? Watu hawatakimbia? Mzee wangu, tunayo bendi ya Afrigo. Imeanza mwaka 1975 hapa hapa Kampala, na mwaka 2025 imetimiza miaka 50. Hesabuni serikali zilizopita, hesabuni vita. Moses Matovu na saksafoni yake wamekuwepo tangu siku ya kwanza, lakini kumzunguka yeye watu wamepita wengi sana. Rachel Magoola alipoingia hakuambiwa aimbe kama aliyemtangulia. Aliingia na Kisoga chake, na ule wimbo wa Obangaina ukawa wa nchi nzima, Waganda na Wacholi wakiuimba bila kujua kila neno. Afrigo haikuacha kuwa Afrigo. Iliongezeka chumba.

Na ikiwa mnadhani haya ya kujaribujaribu ni ya Wazungu, tazameni Nihiloxica, iliyozaliwa hapa Kampala: wapiga ngoma wa kikundi cha Nilotika pamoja na Waingereza wawili, mmoja kwenye dramu na mmoja kwenye sintesaiza. Rekodi yao ya kwanza ilitoka mwaka 2017 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes. Ngoma za engalabi na namunjoloba zinapiga kama zilivyopiga siku zote, na chini yake kuna mngurumo wa mashine. Albamu yao ya 2023 inazungumzia visa na mipaka, jambo ambalo huamua nani apande jukwaani usiku ule na nani abaki nyumbani. Kwetu sisi mtu anaweza kutoka kwenye bendi kwa muhuri tu wa ofisi ya ubalozi, na hilo nalo linabadilisha muziki.

Stereolab walipumzika mwaka 2009, baada ya albamu ambayo Gane aliijenga kwa kuanza na vipande vidogo vidogo vya dramu. Sadier akafanya kazi zake mwenyewe. Mwaka 2019 wakarudi jukwaani, na mwaka 2025 wakatoa albamu mpya, ya kwanza baada ya miaka 15, tangu ile ya 2010 iliyotoka wakiwa mapumzikoni. Gane yupo, Sadier yupo, Ramsay yupo. Joe Watson yuko kwenye vinanda na Xavier Muñoz Guimera kwenye besi. Wamemwita Marie Merlet aimbe, na Ben LaMar Gay wa Chicago apulize koneti. Nimeisikiliza mara nyingi nikitafuta pengo la Mary Hansen. Sikulikuta limezibwa, wala sikulikuta tupu. Sauti nyingine zinapita pale, kila moja na mwendo wake, na Sadier, ambaye sasa amepita miaka 50, anaimba chini zaidi na polepole zaidi, kama mtu anayejua njia hata gizani.

Nirudi kwenye vibao hivi, nimalize.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali lilivamia Lubiri, ikulu ya Kabaka pale Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza, na mwaka uliofuata falme zikafutwa hadi 1993. Wanamuziki wa ikulu walitawanyika. Fikirieni maana yake: mpiga okunaga yuko kijijini huku, mpiga okwawula yuko kule, omukoonezi hajulikani alipo. Kila mmoja alibaki na nusu ya kitu. Ukimkuta mmoja wao peke yake na ukamwambia apige wimbo wa ikulu, angekupigia mapigo yaliyo sawa, moja, moja, moja, na usingeelewa kitu. Walioufufua muziki ule ni wale waliokubali kumfundisha mtu asiye wa ukoo, asiyezaliwa ikuluni, sehemu iliyokosekana, na kukubali kwamba mkono wake hautakuwa ule wa zamani.

Sasa vijana wetu watatu, njooni. Ketini, huyu upande huu, huyu upande ule, na wewe kule juu kwenye vibao viwili. Mtapiga kwa dakika mbili, halafu nitamgusa wa pili begani, naye atainuka, na wa kwanza ataendelea peke yake. Msipige makofi, sikilizeni tu kilichopotea. Na wewe dada wa mstari wa tatu mwenye kitambaa cha njano, umesema hujawahi kugusa amadinda. Nimekuona mguu wako ukigonga sakafu tangu nilipoanza, na haugongi pale ninapogonga mimi. Wewe ndiye utakayeketi kwenye kile kiti. Usiulize aliyekuwepo alipiga nini. Chukua hivi vijiti.